Nukta Nyekundu ya Shangazi

Shangazi yangu alilehemu saketi kwa miaka ishirini na sita, na mimi nilimwondoa kwenye kiti chake kwa kidole kimoja. Nasema kidole na sitii chumvi. Ni hiki cha shahada, cha mkono wa kulia, ambacho hadi leo nikikitazama najisikia vibaya.

Ni dada wa baba, tumbo moja. Karakana nzima ilimwita Shangazi, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, lakini mwenye haki ya jina hilo nilikuwa mimi peke yangu. Wengine walidandia tu. Ni mfupi, ana mabega ya mtu aliyeinamia meza maisha yake yote, na mikono isiyotetemeka hata akicheka. Na alikuwa mchekaji. Alikuwa na mzaha mmoja ambao aliurudia kila alipokuja mgeni. Mgeni akimuuliza, "Mama, wewe hapa unafanya kazi gani?" humjibu, "Mimi ni mshenga. Hawa wawili hawajuani, mimi nawakutanisha." Kisha anamwonyesha chipu mkono huu na bodi mkono huu. Mgeni anacheka. Sisi tulishachoka kucheka miaka mingi nyuma, lakini yeye mwenyewe aliucheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza ameusikia.

Meza ya kulehemu ilikuwa ndefu, imeegemea madirisha, ina viti vinne. Chake kilikuwa cha mwisho, pale mwanga wa asubuhi unapoingia kabla ya kwingine kote. Alikuwa na lenzi yake kwenye mkono wa chuma uliopinda, feni ndogo ya kuvuta moshi aliyoifunga kwa kitambaa baada ya mguu wa feni hiyo kuvunjika, na kopo la sifongo yenye maji la kufutia ncha ya chuma chake cha kulehemia. Ole wako uliguse kopo hilo. Hakuwa mkali kwa lolote lingine, lakini kwa kopo lake alikuwa chui.

Mafundi wa meza ile walikuwa na desturi moja. Ukimaliza bodi, ukaikagua, ukaridhika nayo, unaiwekea nukta ya rangi ya kucha kwenye kona. Ya Shangazi ilikuwa nyekundu. Ya jirani yake, binti tuliyemwita Kibano kwa sababu hakukiachia kibano chake hata wakati wa kula, ilikuwa ya buluu. Nukta ndiyo iliyokuwa sahihi yao. Bodi ikirudi ina kasoro, hakuna haja ya kuuliza ni mkono wa nani. Katika miaka ishirini na sita, bodi za nukta nyekundu zilizorudi kwa kosa la lehemu unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimetafunwa na panya.

Mimi alinifundisha kulehemu nikiwa bado shule, kwenye meza ya jikoni kwake, juu ya redio iliyokufa. "Usiipake risasi ya lehemu kama siagi kwenye mkate," aliniambia. "Wewe pasha kiungo moto, risasi itakuja yenyewe." Nilipomaliza masomo alinipeleka kwa meneja amenishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi tayari nina ndevu. "Huyu ni wa kwetu," alisema. "Ana kichwa." Kichwa hicho kikanipeleka upande wa pili wa ukuta wa kioo, kwa wanaoandika programu, nikapewa kiti cha kuzunguka. Mafundi wakanibandika jina la Profesa. Nusu ya jina hilo ilikuwa sifa na nusu ilikuwa dhihaka, nami niliamua kusikia nusu moja tu.

Tulikuwa tunatengeneza kisanduku kinachoenea kiganjani. Kinawekwa ndani ya friji la chanjo katika vituo vya afya, na kila dakika kumi kinapima baridi na kuandika. Ndani yake kuna chipu mbili za maana. Ya kwanza ni kompyuta ndogo inayofikiri. Programu yake niliiandika mimi. Ya pili inakumbuka. Ikishaandikiwa jambo halifutiki, hata umeme ukikatika mwezi mzima. Kati ya hizo mbili zinapita njia nne za shaba, nyembamba kama uzi, na mazungumzo yao yote yanapitia humo. Kwa miaka miwili visanduku vilifanya kazi bila neno, nami nilizoea kujisifu kwamba programu yangu haijaguswa hata herufi moja tangu izaliwe.

Siku moja muuguzi wa kituo kimoja akaja mwenyewe, bado ana sare, visanduku vitatu ndani ya mkoba. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga mezani kwa meneja.

"Hiki," alisema, "kinaniambia friji langu usiku wa juzi lilikuwa na joto la nyuzi mia mbili. Sasa mniambie, nilikuwa nahifadhi chanjo au napika?"

Meneja alijaribu kutabasamu.

"Usicheke, kaka. Nimewarudisha nyumbani akina mama na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Siwezi kumchoma mtoto dawa ambayo sijui imelalaje."

Ndani ya wiki mbili vikarudi visanduku kumi na vinne. Vyote ni vya toleo jipya, na vyote vina nukta nyekundu, kwa sababu kazi ya visanduku ilikuwa ya Kibano na Shangazi tu, na wakati wa toleo hilo Kibano alikuwa likizo na Shangazi alibeba kazi ya watu wawili. Meneja alikuwa mtu mwema, ila aliamini kwamba kila tatizo lina jina na kwamba jina hilo linapatikana Ijumaa. Akaniambia, "Profesa, Ijumaa saa nne nataka kujua ni nini."

Jumatano alasiri nilifungua kimoja nikakiwasha mezani. Nikakiamuru kiandike tarakimu, kizisome tena, kilinganishe. Katika kila mia, saba hivi zilitoka zimevurugika. Nikabonyeza miguu ya ile chipu ya kumbukumbu kwa kidole. Makosa yakakoma. Nikainua kidole, yakarudi. Nikabonyeza, yakakoma. Fundi yeyote aliyewahi kukarabati redio anajua maana yake: lehemu haijashika, mguu unaelea, ukiusukuma unagusa na ukiuachia unaachana.

Nilifurahi mno, na furaha hiyo lazima niieleze jinsi ilivyokuwa, ingawa natamani kuiruka. Tangu visanduku vianze kurudi, nilikuwa na hofu kwamba kosa liko kwenye programu yangu. Kidole kikaniambia kwamba kosa liko upande ule mwingine wa kioo. Nikashusha pumzi, nikaenda kunywa chai. Sikujiuliza swali la pili.

Na mwaka ule Shangazi alikuwa ameanza kuvaa miwani.

Ijumaa saa nne tukakaa wote. Nikawasha bodi mbele yao, nikaweka kidole, nikatoa, nikaweka, nikatoa, kama mfanya mazingaombwe. "Lehemu haikushika," nikasema. Kila mtu alikuwa anaitazama ile nukta.

Shangazi aliichukua bodi, akaenda nayo dirishani, akaiweka chini ya lenzi. Aliikagua kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alisema, "hii imeshika."

"Shangazi, umeona mwenyewe. Kidole hakidanganyi."

"Naiona inang'aa. Kiungo kibovu huwa kimefifia, wewe unajua hilo, nilikuonyesha mimi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, basi ngoja nitazame tena. Badala yake nikamjibu kwa sauti laini, ile sauti ya mtu anayejifanya anakuhurumia, ambayo naichukia kuliko maneno yenyewe. "Shangazi, tuambiane ukweli tu. Ni macho. Kwa umri wako si aibu."

Hakuna aliyekuwa ametaja macho kabla yangu. Shangazi aliweka bodi chini, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena. Akaitazama bodi mara nyingine.

"Labda," alisema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema labda juu ya kazi yake. Jumatatu iliyofuata meneja akamhamishia stoo, kukunja makatoni na kubandika anwani. "Upumzike kidogo, Shangazi," alimwambia, na alisema kwa nia njema. Shangazi alichukua kopo lake la sifongo akaenda nalo, ingawa stoo hakukuwa na kitu cha kufuta.

Mimi nikaanza kurudia lehemu zake. Nilijifungia na bodi kumi za kwanza, nikayeyusha kila kiungo nikakifanya upya kwa mkono wangu mwenyewe. Nikazijaribu. Nne bado zilivuruga tarakimu.

Sasa hizo lehemu zilikuwa zangu, si za Shangazi. Desturi inasema ungekwangua nukta nyekundu uweke yako. Sikukwangua. Niliuambia moyo wangu kwamba nitakwangua baadaye, nikishaelewa. Kibano alipita akaziona zimepangwa mezani kwangu, taa za kosa zinawaka.

"Profesa, hizi si ulishazirudia? Mbona bado?"

"Lehemu ya kwanza ikiwa mbovu sana," nikamjibu, "inaharibu mpaka shaba ya chini."

Uongo huo niliutunga papo hapo, na ulitoka laini kabisa. Kibano akaitazama nukta nyekundu. "Masikini Shangazi," alisema, akaenda zake.

Jumanne yake, asubuhi, nilichukua skopu, ile mashine ya kioo inayokuchorea mapigo ya umeme ili uyaone. Waya wake una ndoano ndogo mwishoni. Nikaining'iniza ndoano kwenye njia ya mapigo, ile inayohesabia chipu zote mbili zamu zao, nikawasha. Makosa yakakoma. Nikaitoa ndoano. Yakarudi. Nikafanya hivyo mara kumi, kisha nikakaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, nikakifunga kisizunguke.

Kidole kinasukuma. Ndoano haisukumi chochote. Inaning'inia pale, nyepesi kama hereni. Kama tatizo lingekuwa mguu unaoelea, ndoano isingeweza kuuponya. Kilichopo kwa vyote viwili ni kimoja tu: ukigusisha chochote kwenye njia ya umeme, umeme unachelewa kidogo, kama mtu anayetembea na nguo iliyolowa pindo. Basi dawa ilikuwa kuchelewa. Na kama dawa ilikuwa kuchelewa, ugonjwa ulikuwa wa wakati, na mwenye kupanga wakati ndani ya kisanduku kile ni programu. Yangu.

Nikatoa karatasi za mtengenezaji wa chipu ya kumbukumbu, ambazo nilikuwa sijazifungua kwa miaka miwili. Ukurasa wa nane ulisema wazi: pigo linapopanda, ndipo chipu inapookota ilichopewa. Nikafungua programu. Kompyuta ndogo niliiambia ibadilishe inachotoa pigo linapopanda. Pigo lile lile. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja na wote wakashusha mchi kwa pamoja. Siku nyingine michi inapishana kwa unywele, siku nyingine inagongana, ndiyo maana zile bodi sita zilionekana zimepona. Chipu za zamani zilikuwa nzito kidogo, zilichelewa kuokota, kwa hiyo kosa langu lilipita bila kuonekana miaka miwili. Toleo jipya lilikuja na chipu nyepesi zaidi, zikaokota kabla kitu hakijafika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nimekivaa na kujisifia mshono.

Marekebisho yalikuwa tarakimu moja. Niligeuza moja kuwa sifuri. Kisha nikachukua bodi moja ya Shangazi ambayo sikuwa nimeigusa kwa chuma, iliyokuwa mbaya kuliko zote, nikaitia programu mpya. Tarakimu elfu moja. Elfu kumi. Hata moja haikuvurugika. Nikaiweka chini ya lenzi, nikaona zile lehemu zake, kila moja imekaa, inang'aa, kama alivyosema.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kupitia kioo niliona kiti chake kitupu, na nyuma yake mlango wa stoo ukiwa wazi, na mgongo wake umeinamia katoni. Hatua ishirini, labda ishirini na mbili. Sikwenda.

Nikaandika ripoti: "Viungo vimerudiwa na programu imeboreshwa." Imeboreshwa! Kiswahili kina maneno mapana ambayo mtu mzima anaweza kujibanza nyuma yake na asionekane hata kisigino. Meneja aliisoma kwa sauti mbele ya wote, akanipa mkono, watu wakapiga makofi. Shangazi naye alitoka stoo kupiga makofi, kipande cha gundi ya karatasi kimemnata kwenye kifundo cha mkono.

"Nilijua tu mwanangu atalitatua," alimwambia Kibano. Nilimsikia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji na haikunisaidia.

Wiki tatu nilimkwepa. Nikihitaji katoni nilimtuma mtu. Nikimwona kwenye foleni ya chai nilikumbuka ghafla nimeacha kompyuta inawaka. Na nilikuwa na visingizio vya kila rangi: kwamba stoo anapumzika, kwamba macho yake yangemchosha tu siku moja, kwamba nikisema sasa nitamfedhehesha zaidi. Hicho cha mwisho ndicho nilichokipenda, maana kilinifanya nionekane namwonea huruma. Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wangu nilikuwa naufunika kwa haya ya mtu mwingine.

Jumapili moja mke wangu alirudi kutoka kwa Shangazi amebeba kikapu chake cha kushonea, kile cha tangu nikiwa mdogo, chenye nyuzi na mikasi.

"Kanipa," alisema. "Anasema hana kazi nacho tena."

"Kwa nini?"

"Ndiyo nikuulize wewe. Anasema haoni. Mjukuu wake kaleta sindano amtungie uzi, kakataa katakata. Nikamlazimisha. Mume wangu, katunga mara moja tu, tundu lenyewe hata mimi silioni vizuri. Halafu akaninyoshea ile sindano, akaniuliza, 'Hebu tazama, umeingia?' Uzi unaning'inia pale! Kucha za mtoto hakati tena, anaogopa atamkata. Nani kamwambia yule mama haoni?"

Alinitazama, nami nikatazama kikapu.

"Kumbe unajua," alisema.

Nikamwambia yote, kidole, ndoano, tarakimu, ripoti. Nilitegemea atanifokea, na ningeshukuru. Alikisukuma tu kile kikapu hadi magotini kwangu. "Mrudishie wewe mwenyewe," alisema. "Leo."

Nilikwenda. Shangazi alikuwa jikoni, kwenye meza ile ile ya redio. Nikamwamkia, "Shikamoo, Shangazi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, mbona umeadimika?" akaniwekea chai. Nikaweka kikapu mezani. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, ikaniishia yote.

"Shangazi, lehemu zako zilishika. Zote. Hakuna hata moja iliyokuwa mbovu."

Alikivuta kikapu karibu yake.

"Kosa lilikuwa langu. Lilikuwa kwenye programu tangu siku ya kwanza. Kidole changu kilikuwa kinachelewesha umeme, basi. Hakikuwa kinabonyeza chochote."

Aliuzungusha mfuniko wa sukari. "Ulijua lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Siku ile ya makofi?"

"Nilikuwa najua."

Niliinama. Nilikuwa tayari kwa matusi, kwa machozi, kwa kufukuzwa. Shangazi alikuwa anatazama mikono yake, amefumbua viganja vyake juu ya meza kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Mimi niliiona imeshika," alisema taratibu. "Niliiona kabisa. Lakini uliposema ni macho, nikajiambia, huyu kasoma, basi mimi ndiye sioni. Nilikuamini wewe kuliko macho yangu." Kisha akauliza, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli, "Kwani ungesema tu hujui, ungepungukiwa nini?"

Swali hilo ninalo hadi leo. Nilipoinuka kuondoka aliniambia jambo moja tu mlangoni: "Lile neno ulilisema mbele ya watu."

Kwa hiyo Jumatatu saa nne niliwakusanya watu wale wale, chumba kile kile. Niliweka mezani ile bodi ambayo sikuigusa, nukta nyekundu kwenye kona, nikaiwasha kwa programu ya zamani ikavuruga, nikaiwasha kwa programu mpya ikanyooka. Nikaweka mikono mgongoni ili wote waone hakuna kidole. Nikasema kosa ni la nani. Nikajikaza kisabuni hadi nikamaliza.

"Kwa hiyo ile ripoti yako," meneja alisema.

"Ilikuwa uongo."

Alinifanya niandike nyingine yenye neno hilo ndani yake, akaibandika pale tunapochukulia chai, ikakaa mwezi mzima. Sikulalamika. Kibano hakuniangalia hata usoni; alikwenda stoo moja kwa moja, akatoka amemshika Shangazi mkono, mkono mwingine amebeba kopo la sifongo. Siku hiyo hiyo nilikwangua nukta nyekundu kwenye bodi zote nilizozirudia mimi. Sikuwa na rangi ya kucha, nikaziwekea nukta nyeusi za kalamu ya wino.

Shangazi alikaa kwenye kiti chake. Alivuta lenzi, akawasha chuma, akafuta ncha kwenye sifongo. Sote tulijifanya tuna kazi, tunasubiri mzaha wa mshenga, na kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari kuucheka hadi mbavu ziume. Hakuusema. Alilehemu bodi yake ya kwanza polepole, na hata kutoka nyuma ya kioo niliona mkono hautetemeki. Akaikagua. Akafungua chupa ya rangi nyekundu, brashi tayari mkononi, kisha akasita pale pale.

Akairudisha brashi ndani ya chupa. Akainuka, akazunguka ukuta wa kioo, akaja hadi mezani kwangu na bodi mkononi.

"Hebu niangalizie," alisema. "Imeshika?"

Nilidhani ananiadhibu, na nikaona ni haki yangu. Nikamtazama usoni nitafute hasira, hata kejeli. Sikuiona. Alikuwa anauliza tu, kama alivyomuuliza mke wangu juu ya sindano.

"Imeshika, Shangazi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akarudi kwenye kiti chake akaweka nukta.

Hiyo ni miaka minne iliyopita, na bado anakuja. Kila bodi. Anainuka, anazunguka kioo, ananinyoshea, anauliza. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita bila kumuuliza mwanadamu yeyote kama kazi yake ni nzuri. Kibano amemsihi aache, meneja amemsihi, mimi nimemwambia mara nyingi, "Shangazi, si unaona mwenyewe?" Ananijibu, "Labda. Lakini hebu tazama." Programu niliirekebisha kwa tarakimu moja kabla ya saa sita mchana. Hili sijui nilirekebishe kwa kitu gani, kwa hiyo naacha ninachofanya, naweka bodi chini ya taa, naikagua kila mguu kwa dhati kana kwamba nami sijui, kisha namjibu.

Jana aliniletea bodi kumi na tisa. Zote zilikuwa zimeshika, na zote nilimwambia.